Moto wa Kuotea Mbali: Mwali Katika Fasihi na Katika Maisha

Ndugu wasikilizaji, wapenzi wa fasihi,

Aliyekaa kando ya moto kujipasha joto anaota. Aliyelala akaona visivyokuwepo naye anaota. Wanaisimu watatuambia kwamba hayo ni maneno mawili yaliyogongana kwa sauti tu, na tuwaachie haki yao. Lakini mwaka 1938 mwanafalsafa Mfaransa Gaston Bachelard alitoa kitabu kizima kuhusu mgongano huohuo: mtu, moto, na mawazo yanayomjia yenyewe macho yake yakiwa kwenye miali. Msemaji wa Kiswahili ameyapata yote hayo ndani ya kitenzi kimoja.

Mada ya leo ni maana ya moto katika fasihi, katika visasili na katika maisha. Njia iliyozoeleka ni kupanga maana kama bidhaa mezani: moto ni mapenzi, moto ni hasira, moto ni utakaso, moto ni maangamizi. Orodha hiyo ni sahihi, ila haisemi kwa nini. Kwa nini mapenzi yawe moto, wakati jua lina joto zaidi? Kwa nini maneno ya fitina tuyaite uchochezi? Dai langu ni dogo. Kila maana ya moto iliyodumu imesimama juu ya tabia ambayo moto wa kweli unayo. Mwandishi anayeijua tabia hiyo huandika moto unaounguza. Asiyeijua huandika rangi nyekundu.

Tuanze na mshumaa, kama alivyofanya Michael Faraday. Alitoa mihadhara ya mshumaa kwa vijana pale Royal Institution, London, mwaka 1848, akairudia mwishoni mwa 1860, na sijaona njia bora ya kuingilia somo hili. Washa mshumaa, uache dakika kadhaa mpaka nta iliyoyeyuka ijae kwenye kishimo cha juu, kisha uuzime kwa pumzi moja. Uzi mweupe wa moshi utapanda kutoka kwenye utambi. Hapohapo peleka njiti ya kiberiti inayowaka kwenye uzi ule, sentimeta mbili hivi juu ya utambi. Mwali utashuka kwa kuufuata moshi na kuutwaa utambi, ingawa njiti haikuugusa. Ukishindwa, ama umechelewa na utambi umepoa, ama pana upepo na uzi umetawanyika.

Kinachoonekana hapo ni kwamba nta yenyewe haiwaki. Nta huyeyuka, hupanda kwenye utambi jinsi maji yanavyopanda kwenye ncha ya kitambaa kilichochovywa, hugeuka mvuke, na mvuke ndio unaowaka unapokutana na oksijeni. Karibu na utambi pana eneo la giza: mvuke upo, hewa haijafika. Faraday alichomeka bomba jembamba la kioo katika giza hilo, akauongoza mvuke nje, akauwasha kwenye ncha ya pili. Chini ya mwali pana rangi ya buluu, kwa kuwa hapo hewa inatosha. Sehemu kubwa ya juu ni njano, na njano hiyo ni masizi: chembe za kaboni ambazo bado hazijapata oksijeni, zimepashwa joto mpaka zikang'aa. Ingiza kijiko baridi katika njano, kitatoka cheusi. Joto kali kabisa liko ukingoni, kama nyuzi 1,400 za Selsiasi.

Kwa maneno mengine, ule mwanga wa mshumaa unaosifiwa katika mashairi ni masizi yanayosubiri hewa. Mwali uliopata hewa yote unayoihitaji huwa wa buluu, na mchana hauonekani vizuri. Mshairi anayetuletea "mwali safi ung'aao" itambidi achague moja kati ya usafi na kung'aa.

Utambi nao una kipimo chake. Nusu sentimeta hivi inatosha. Ukiachwa mrefu, hutoa mvuke mwingi kuliko hewa iliyopo karibu inavyoweza kuumaliza; mwali hurefuka, huyumba, na kutema moshi mweusi. Dawa ni mkasi, na wala hakuna haja ya mshumaa mpya.

Jambo la mwisho kuhusu mshumaa ni umbo lake. Mwali huchongoka juu kwa sababu hewa iliyopashwa joto huwa nyepesi, hupanda, na hewa baridi huingia kwa chini kushika nafasi yake. Katika chombo cha angani, ambako uzito hauhisiki, hakuna kupanda: mwali huwa kama mpira mdogo, wa buluu, dhaifu. Kupanda ni tabia ya moto wa duniani, na tabia hiyo ndiyo iliyoufanya moto kuwa mjumbe. Rigveda, mkusanyiko wa kale kabisa wa tenzi za Kihindu, unaanza kwa jina la Agni, yaani Moto, akiitwa kuhani wa sadaka. Sadaka huwekwa chini, Agni huibeba juu. Hakuna aliyehitaji kulibuni wazo hilo. Mtu alitazama samli ikimwagwa kwenye kuni akaona inakwenda wapi.

Rigveda ina kauli nyingine juu ya Agni inayofanana na kitendawili: ni mtoto ambaye akizaliwa tu huwala wazazi wake. Wazazi hao ni vipande viwili vya mti, cha juu na cha chini, vinavyopekechwa mpaka moto utoke. Ili kitendawili hicho kiwe na ladha, inafaa kujua kupekecha kunakwendaje, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Unahitaji ubao mwembamba wa mti laini, mkavu kabisa, wa unene wa kidole gumba au pungufu kidogo, na kijiti kilichonyooka cha unene wa kidole kidogo, urefu wa nusu mita hivi. Ulaini hupimwa kwa ukucha: ukibonyeza ubao na ukucha ukaacha alama, unafaa. Ukavu ndio unaowashinda wengi. Mti ulioanguka na kulala ardhini umeshanyonya unyevu, hivyo tafuta tawi lililokufa likiwa bado limesimama juu ya mti. Toboa kishimo karibu na ukingo wa ubao, kisha kata mfuo wenye umbo la V kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu cha kishimo. Chini ya mfuo weka jani kavu la kupokea unga. Simamisha kijiti kishimoni, kizungushe kati ya viganja huku ukikandamiza kwenda chini. Viganja vikifika chini, virudishe juu upesi na uendelee.

Anza polepole kupasha vitu joto, ongeza kasi na mkandamizo moshi unapotokea. Tazama unga unaoanguka kwenye mfuo, maana ndio unaokuambia hali. Ukiwa wa kahawia na wa nyuzinyuzi, joto halijatosha. Ukiwa mweusi na laini, umefika. Ukiacha kupekecha na lundo likaendelea kufuka peke yake, ndani yake mna kaa. Usilipulize hapohapo, lipe nusu dakika lishikane. Kisha lihamishie kwenye kiota cha nyasi kavu zilizosuguliwa mpaka zikalainika, likunje ndani, upulize pumzi ndefu na nyembamba. Makosa yanajirudia: mfuo usiofika kitovuni huacha unga utawanyike kuzunguka kishimo, na unga uliotawanyika hupoa. Kijiti kinachopiga kelele ya mlio kimeshang'arishwa na kishimo kikawa kama kioo. Tia mchanga kidogo. Tone la jasho likiangukia unga, unaanza upya.

Aliyefanya kazi hiyo mara moja hawezi kusadiki kwamba moto umetengenezwa. Ataona umetolewa, kama kwamba ulikuwa umejificha ndani ya mti. Na visasili vinasema hivyohivyo. Katika masimulizi ya Wamaori, wenyeji wa New Zealand, shujaa Maui anamwendea bibi yake Mahuika, ambaye moto unakaa katika kucha zake. Anamwomba ukucha mmoja mmoja na kuuzima kila mara, mpaka bibi anagundua hila na kutupa ukucha wa mwisho kwa hasira. Mvua inakuja, na moto unakimbilia ndani ya miti michache, ukiwemo ule Wamaori wauitao kaikōmako. Hicho ndicho kijiti chao cha kusugulia moto. Kisasili ni orodha ya vifaa iliyovikwa nguo za hadithi. Kurani nayo, katika sura ya Yasin aya ya 80, inamtaja Mwenyezi Mungu kuwa ndiye aliyewajaalia watu moto kutoka katika mti wa kijani, na wafasiri wa kale walieleza kwa kuitaja miti miwili ya Bara Arabu, markh na afar, ambayo vijiti vyake vilisuguliwa kutoa moto. Aya inatumia muujiza ambao msikilizaji wa wakati ule aliushika kwa mikono yake mwenyewe.

Kupata moto ni kazi moja, kuubeba ni nyingine, na hapo ndipo penye siri ya Prometheus, mwizi wa moto katika visasili vya Kigiriki. Mshairi wa kale Hesiodos anasimulia kwamba Zeus, mfalme wa miungu, aliwaficha watu moto, Prometheus akauiba ndani ya shina lenye uwazi. Watu husoma "shina" na kupita. Shina hilo ni la mmea wa Mediterania wa jamii ya karoti, ferula, unaorefuka kupita kimo cha mtu. Ganda lake ni gumu. Ndani mna uboho mwepesi kama sifongo. Uboho uliokauka ukitiwa kaa hufukuta polepole kwa muda mrefu, na ganda haliwaki. Ukitazama kwa nje, mtu amebeba fimbo. Hila yote ya hadithi imo ndani ya mmea huo: wizi uliwezekana kwa sababu moto unaweza kuishi bila mwali. Adhabu yake tunaijua, mnyororo na tai mla maini, lakini watu nao walilipa. Hesiodos anasema Zeus aliwapelekea Pandora, mwanamke aliyewaletea taabu, kama bei ya moto.

Mary Shelley alipoiita riwaya yake ya mwaka 1818 kwa jina la pili la "Prometheus wa Kisasa", alifanya jambo ambalo wasomaji wengi hulisahau. Kiumbe aliyeundwa na mhusika wake Frankenstein hapewi moto na mtu wala haibi. Anaukuta umeachwa na ombaomba porini, anafurahia joto, anatia mkono kwenye makaa na kuutoa kwa kilio. Kisha anachunguza. Anatambua kwamba moto ni kuni, anaokota matawi, yamelowa, hayashiki. Matawi aliyoyaacha karibu na moto yanakauka na kuwaka yenyewe, na kwa kugusagusa hayo anaelewa sababu. Ni ukurasa mdogo, nao ni sahihi. Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa nusu maji kwa uzito, na moto hautapata chochote kabla maji hayo hayajatoka. Baada ya nyuzi 200 hivi mti unaanza kuvunjika na kutoa gesi. Gesi ndiyo mwali, na kinachobaki gesi zikiisha ni kaa, ambalo huiva jekundu karibu bila mwali. Kiumbe asiye na jina anajifunza utaratibu huo kwa kuutazama, na msomaji anamwona akiwa binadamu mbele ya macho yake.

Tabia inayofuata ya moto ni kwamba unakufa usipolishwa, na kuwasha upya ni kazi kubwa kama tulivyoona. Ndiyo maana watu wengi wa kale hawakuwasha moto kila siku; waliutunza. Mwishoni mwa kitabu cha tano cha Odisei, utenzi wa kale wa Kigiriki, shujaa Odiseo anatupwa pwani uchi, anajifukia katika majani makavu, na Homeri anamfananisha na mtu anayeishi shambani mbali na majirani, anayefukia kijinga cha moto chini ya jivu jeusi ili kuhifadhi mbegu ya moto, asije akahangaika kuutafuta kwingine. Mbegu ya moto: ni maneno ya Homeri mwenyewe. Jivu hubana hewa na kuzuia joto lisitoke, hivyo kaa hujila polepole hadi asubuhi. Ukilifukia kwa jivu lenye unyevu, au jembamba mno, utakuta majivu matupu. Shujaa aliyebaki na pumzi moja hakupewa mfano wa simba. Alipewa mfano wa kaa, na kwangu huo ni mmoja wa mifano bora kabisa iliyowahi kuandikwa.

Roma iliufanya utunzaji huo kuwa kazi ya dola. Mabikira sita wa Vesta, mungu wa kike wa meko, walihudumu miaka 30: kumi ya kujifunza, kumi ya kutenda, kumi ya kufundisha. Moto ukizimika kwa uzembe, aliyekuwa zamu alichapwa na kuhani mkuu. Kuuwasha upya kulifanywa kwa kupekecha kipande cha mti wa heri, na kaa lililopatikana lilibebwa kwenye chekeche la shaba. Chekeche, kwa sababu kaa linahitaji hewa kwa chini. Katika bakuli lingefia njiani. Waazteki wa Meksiko walikwenda upande wa pili: kila baada ya miaka 52 walizima mioto yote makusudi, wakangoja usiku juu ya kilima, na moto mpya ukapekechwa kwenye kifua cha mateka aliyetolewa kafara, kisha wakimbiaji wakausambaza kwa mienge. Mara ya mwisho ilikuwa 1507. Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, kwa moto wao wa daraja la juu, hukusanya mioto ya asili 16, mmoja ukiwa wa radi, na kila mmoja husafishwa kwa kushika mwiko wenye matundu juu ya miali bila kuigusa, mpaka vipande vya sandali vilivyomo viwake kwa joto tu. Ni lile jaribio la mshumaa, likiwa limevaa joho.

Sasa tuje kwenye ulimi. Kiswahili huita miali ndimi za moto, na Biblia ina picha hiyo kwa pande zote mbili: katika Matendo ya Mitume ndimi kama za moto zinawakalia wanafunzi na wanaanza kusema, na katika Waraka wa Yakobo ulimi ni moto mdogo unaowasha msitu mkubwa. Dante, mshairi wa Italia, aliitumia kwa usahihi wa kutisha. Katika wimbo wa 26 wa Jehanamu yake, Ulisi, yaani yule Odiseo wa Homeri, amefungwa ndani ya mwali wenye pembe mbili, na ili aongee, ncha ya mwali inayumba huku na huku kana kwamba ndiyo ulimi usemao. Yeyote aliyetazama mwali ukipepesuka kabla ya kutoa ule mvumo wake atamwelewa. Na huyohuyo Dante, chini kabisa mwa Jehanamu, hakuweka moto. Aliweka barafu. Mwenye moto bado ana tamaa na mwendo. Wasaliti hawana hata hivyo.

Kitenzi chetu cha kuchochea kina fizikia yake. Kaa lililofunikwa na jivu lake mwenyewe linalala. Ukilikoroga kwa kijiti jivu linadondoka, hewa inaingia, mwali unaruka. Mchochezi hakuleta moto. Aliondoa jivu. Mwandishi wa tamthilia anayetaka kumjenga mfitini na aanzie hapo: mhusika hahitaji kusema uongo, anahitaji kujua makaa yamelala wapi.

Kufukuta ndiko kunakoyafaa mapenzi pia, kuliko miali. Moto unaofukuta hupita ndani ya vitu vyenye vitundu vidogo, kama pamba, pumba au makumbi, bila mwali na bila kelele, kwa saa au siku nzima. Nje hauonekani, ndani unakula. Hewa ikipata mlango, unalipuka kuwa mwali. Sappho, mshairi wa kike wa Ugiriki, karibu miaka 2,600 iliyopita, aliandika juu ya moto mwembamba unaokimbia chini ya ngozi. Virgil, mshairi wa Roma, alimpa Dido, malkia aliyempenda Aeneas, moto wa upofu, usioonekana, tangu mstari wa pili wa kitabu cha nne cha Aeneid, na baadaye moto huo unakula uboho wa mifupa yake. Aeneas anamwacha, na kitabu kinakwisha Dido akiwa juu ya rundo la kuni aliloliandaa mwenyewe. Na kitabu cha tano kinapofunguka, Aeneas, akiwa baharini, anaangalia nyuma na kuona kuta za mji ziking'aa kwa miali, asijue sababu yake. Kilichofukuta mamia ya mistari kimepata hewa.

Tuna pia usemi wa kumsifu mtu hatari: ni moto wa kuotea mbali. Joto la moto husafiri kama mwanga, kila upande, bila kuhitaji hewa ya kulibeba, na kwa moto mdogo ukiongeza umbali mara mbili unapokea robo tu. Hatua moja nyuma ni tofauti kubwa. Hiyo ndiyo hatua ambayo nondo wa Attar, mshairi wa Uajemi, hakuirudisha. Katika shairi lake la ndege wanaomtafuta mfalme wao, nondo wanatumwa kuleta habari za mshumaa. Wa kwanza anaona mwanga kwa mbali, wa pili anaunguza ubawa, wa tatu anaingia na kuwa rangi moja na mwali, naye ndiye pekee aliyejua, ila hawezi kusimulia. Utafiti uliochapishwa 2024 ulieleza kwamba wadudu hugeuzia mgongo upande wenye mwanga ili kujua juu ni wapi, na taa ya karibu huwavuruga wakawa wanaizunguka. Kwa hiyo nondo hajavutwa na chochote, amepotea njia. Sioni kwamba shairi limepungua. Pengine limepata maana ya pili.

Vitabu vinavyochomwa ni sura ya pekee. Katika tamthilia Almansor, iliyochapishwa 1823, Heinrich Heine anamweka mhusika Mwislamu anayesikia kwamba Kurani imechomwa Granada, naye anajibu kuwa huo ni utangulizi tu: wanapochoma vitabu, mwishowe watachoma na watu. Tarehe 10 Mei 1933 vitabu vilichomwa Berlin, na yaliyofuata yanajulikana. Lakini kitabu kilichofungwa, nieleweke vizuri, huungua kwa shida. Kurasa zilizobanana hazina hewa kati yake. Kingo hugeuka makaa, makaa hayo hulinda katikati, na mara nyingi kinachotolewa jivuni bado kinasomeka. Mwandishi wa Kirusi Mikhail Bulgakov alilijua hilo, kwa kuwa mwaka 1930 alichoma rasimu ya riwaya yake ya Bwana na Margarita. Ndani ya riwaya yenyewe mwandishi aitwaye Bwana anasimulia alivyochoma muswada: karatasi zilizoandikwa huungua kwa kusitasita, alivunja kucha akirarua madaftari, akayasimamisha kati ya magogo na kutawanya kurasa kwa chuma cha kuchochea, na majivu yakawa yanamshinda na kuubana mwali. Baadaye Ibilisi anaurudisha muswada mzima na kusema miswada haiungui. Watu hunukuu kauli hiyo kama tumaini. Iliandikwa na mtu aliyejua hasa inachukua nguvu kiasi gani kuunguza daftari moja.

Riwaya nyingi hukosea kwenye moto wa nyumba. Mhusika husimama wima katika chumba kinachowaka, anaona kila kitu kwa mwanga wa miali, anatoa hotuba. Katika chumba halisi moshi hujaa darini kwanza na kushuka kama pazia. Ndani yake pana giza, na monoksidi ya kaboni humlevya mtu kabla miali haijamfikia. Gesi za darini zikikaribia nyuzi 600, joto lake huwasha karibu kila kitu chumbani kwa pamoja, kwa sekunde chache. Baada ya hapo hakuna mazungumzo. Anayetoka hutoka kwa kutambaa, na akifunga mlango nyuma yake anawapa walio upande wa pili dakika za thamani. Charles Dickens alikuwa makini zaidi. Katika riwaya yake ya Great Expectations, gauni la zamani la bibi Miss Havisham linaposhika moto, kijana Pip anamwangusha chini na kumfunika kwa makoti yake na kitambaa kizito cha mezani. Hivyo ndivyo inavyofanywa: mtu anayewaka akisimama, miali hupanda kwenye uso; akilala na kufunikwa, inakosa hewa. Ambacho Dickens hakukiweka ni maji. Jeraha la moto hupozwa kwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu, bila mafuta.

Moto husimama kwa miguu mitatu: kitu cha kuungua, oksijeni, na joto. Kuzima ni kuvunja mguu mmoja. Maji hupoza, lakini lita moja ikigeuka mvuke hujaza karibu lita 1,700, hivyo ukiyamwaga kwenye sufuria ya mafuta yanayowaka yanazama chini ya mafuta, yanalipuka kuwa mvuke na kuyarusha mafuta chumbani. Mafuta hufunikwa kwa kifuniko, chanzo cha joto huzimwa, na kifuniko hakifunuliwi mpaka sufuria ipoe. Methali isemayo dawa ya moto ni moto nayo ni mbinu halisi: wazima moto wa misitu huchoma ukanda mbele ya moto mkubwa ili ukifika usikute chakula. Upepo ukigeuka, wana mioto miwili.

Ndege finiksi, ambaye kila mtu humtaja moto ukizimika, hakuzaliwa na moto. Herodoto anamtaja akimbeba baba yake aliyekufa ndani ya yai la manemane kila miaka 500. Hakuna mwali hata mmoja. Moto aliongezewa na waandishi wa baadaye, nao walikuwa na sababu. Ipo misunobari ambayo matunda yake yamefungwa kwa utomvu na hayafunguki mpaka moto upite. Mbegu huangukia kwenye jivu lililo tupu na lenye madini.

Nimalizie na swali ambalo Buddha alimwuliza Vacchagotta aliyekuja kumhoji juu ya hatima ya aliyekombolewa. Moto huu ulio mbele yako ukizimika, umekwenda upande gani: mashariki, magharibi, kaskazini au kusini? Vacchagotta akajibu kwamba swali halifai; moto uliwaka kwa sababu ya nyasi na kuni, zimekwisha, basi tunasema umezimika. Neno nirvana lenyewe asili yake ni kuzimika. Mwali haukuwa kitu cha kwenda mahali. Mvuke ulikuwa unapita, ukiwa mpya kila sekunde, na umbo ndilo lililobaki.

Tatizo ni kujua kama kweli umezimika. Mwaga maji mpaka sauti ya kuchacharika iishe. Koroga majivu na udongo kwa kijiti, geuza kila gogo, mwaga tena. Kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na majivu, na pasipo na joto gusa, ukianzia kingo na kumalizia katikati na kwenye mizizi, kwa sababu mzizi unaweza kufukuta ardhini kwa siku kadhaa na kutokea mita chache mbali. Pakiwa na uvuguvugu, rudia.

Asanteni kwa kunisikiliza.